"Nimemwamini" Haitoshi: Neno la Mwathirika Mbele ya Mahakama ya Rufani

Chukua hukumu ya kesi ya ubakaji iliyokatiwa rufani, uende moja kwa moja kwenye ukurasa ambao hakimu anaeleza kwa nini alimtia mshtakiwa hatiani. Si ajabu ukakuta sentensi moja tu: "Nimemsikiliza shahidi wa kwanza, nimemwona akitoa ushahidi, nimemwamini." Baada ya hapo kuna tamko la hatia, na baada ya hatia, kwa Tanzania, kifungo kisichopungua miaka 30. Kama aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Sentensi ile moja ndiyo iliyobeba kila kitu, haki ya aliyesimama kizimbani kusimulia jambo zito kuliko yote maishani mwake, na maisha ya aliyepelekwa gerezani.

Majaji wa rufani hawakuwepo. Hawakumwona shahidi, hawakusikia sauti yake, hawajui kama alilia au alikaa kimya. Wameletewa jalada. Na hapo inaanza kazi ngumu kuliko zote katika rufani za makosa ya kujamiiana. Asiyeona anapimaje neno ambalo aliyeona ameshaliamini? Jibu tulilolizoea ni la unyenyekevu, kwamba mahakama iliyomwona shahidi ndiyo inayomjua, tusiingilie. Lina busara yake jibu hilo, lakini kwa maoni yangu limegeuka kuwa maficho. Linamficha hakimu ambaye hakuandika sababu, na linamficha jaji wa rufani ambaye hakutaka kuzitafuta. Wanaoumia ni wawili. Yupo mwathirika ambaye hukumu iliyompa haki inakuja kutenguliwa miaka kadhaa baadaye kwa kuwa haikujengwa vizuri, na yupo mshtakiwa ambaye hakuwahi kuambiwa kwa nini neno lake lilikataliwa.

Tusisahau tulikotoka. Kwa karne nyingi mahakama zilizorithi sheria ya Uingereza zilimchukulia mwanamke anayesema amebakwa kama mtu wa kutiliwa shaka tangu anapoingia mlangoni. Jaji Matthew Hale, aliyefariki mwaka 1676, aliandika kwamba tuhuma ya ubakaji ni rahisi kuitoa, ni ngumu kuithibitisha, na ni ngumu zaidi kwa mtuhumiwa kujinasua nayo hata kama hana hatia. Maneno ya mtu mmoja yakawa kanuni ya mahakama. Majaji walitakiwa kuonya, na kujionya wenyewe, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamikaji peke yake bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Mtu aliyeibiwa hakuwekewa sharti hilo. Aliyepigwa na kujeruhiwa hakuwekewa. Aliwekewa aliyebakwa.

Uingereza yenyewe iliufuta ulazima wa onyo hilo kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Rufani ya Afrika Kusini ilisema wazi kwamba kanuni ya tahadhari katika kesi za kujamiiana imejengwa juu ya mtazamo uliopitwa na wakati na usio na mantiki, na kwamba inawabandika walalamikaji, ambao wengi wao ni wanawake, sifa ya kutoaminika wasiyostahili. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo mawakili na polisi wengi wanaiita SOSPA, ikaibadilisha Sheria ya Ushahidi ili neno la mwathirika peke yake liweze kutosha. Mahakama ya Rufani ya Kenya nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilisema kwamba kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa kuwa tu mlalamikaji ni mwanamke au msichana ni ubaguzi unaokiuka katiba. Haya ni mafanikio makubwa, na yeyote anayetaka kuturudisha nyuma ya hapo ni wa kupingwa.

Lakini visomwe vifungu vyenyewe. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania hakisemi mahakama imwamini mwathirika, basi. Kinasema mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi huo pekee ikiwa, kwa sababu zitakazoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, imeridhika kwamba shahidi anasema kweli tupu. Kifungu cha 124 cha sheria ya Kenya kina sharti lilelile, sababu ziandikwe. Mabunge mawili yaliliondoa sharti la kale la ushahidi wa pili na kuweka badala yake sharti la sababu. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Hakimu anayeandika "nimemwamini" na kufunga jalada ametimiza nusu ya kifungu, na ile nusu aliyoiacha ndiyo pekee ambayo mahakama ya juu ingeweza kuipima.

Uzembe huo umepata msaada kutoka mahali pasipotarajiwa. Ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 2006 zina uamuzi wa Mahakama ya Rufani ambao hadi leo unanukuliwa karibu katika kila kesi ya ubakaji. Unasema ushahidi wa kweli wa ubakaji lazima utoke kwa mwathirika mwenyewe. Kama ni mtu mzima, aseme kwamba aliingiliwa na hakuridhia. Kama ni mtu ambaye kuridhia kwake hakuhesabiki kisheria, aseme kwamba aliingiliwa. Ni kauli sahihi. Nani mwingine ajuaye kama si yeye? Tatizo ni namna ilivyotumika. Kauli iliyokusudiwa kueleza ushahidi utoke wapi ikaanza kutumika kana kwamba inaeleza ushahidi huo una uzito gani. Mwathirika amesema, uamuzi wa 2006 umenukuliwa, kesi imekwisha. Mwaka 2019 mahakama ileile ililazimika kurekebisha mwenendo huo, ikasema haikukusudiwa kamwe neno la mwathirika lichukuliwe kama Injili, bali ushahidi wake lazima upite kwenye kipimo cha ukweli. Nimewahi kusikia watu wakiilaumu kauli hiyo kwamba inarudisha shaka za zamani. Siioni hivyo. Shaka za zamani zilimtilia mtu shaka kwa sababu ya jinsia yake. Kipimo cha ukweli kinamhusu kila shahidi, awe mlalamikaji wa ubakaji, awe shahidi wa ajali, awe polisi.

Sasa kipimo chenyewe ni kipi? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikirudia kwa muda mrefu kwamba kumpima shahidi kwa mwonekano na mwenendo wake kizimbani ni kazi ya mahakama iliyomsikiliza peke yake. Ila imeongeza kwamba zipo njia nyingine mbili ambazo hata mahakama ya rufani inaziweza. Ya kwanza ni kuangalia kama maelezo ya shahidi yanashikamana yenyewe kwa yenyewe. Ya pili ni kuyaweka kando ya ushahidi wa wengine, ukiwemo wa mshtakiwa. Kwangu mimi njia hizo mbili ndizo kipimo chenyewe, na ile ya mwonekano ndiyo dhaifu kuliko zote.

Ushahidi wa kisayansi upo wazi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha watu zaidi ya 24,000 waliopewa kazi ya kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya, bila msaada mwingine zaidi ya kumwangalia na kumsikiliza. Walipatia kwa wastani wa asilimia 54. Anayerusha sarafu hewani anapata 50. Na hao walikuwa wakiwaangalia watu ambao hawakuwa na kiwewe, hawakuwa mbele ya waliowadhuru, hawakuwa watoto wa miaka 8 katika chumba kilichojaa watu wazima waliovaa suti nyeusi. Mtoto anayeulizwa sehemu zake za siri ziliguswa vipi anaweza kucheka kwa aibu. Mwanamke mzima anaweza kusimulia kwa sauti kavu isiyo na chozi, kwa kuwa amesimulia polisi, hospitalini, ustawi wa jamii na kwa wakili wa serikali, na machozi yamekauka. Mwongo mzuri naye analia vizuri. Jaji Atkin wa Uingereza alishalisema hili mwaka 1924, kwamba aunsi moja ya ubora wa ushahidi wenyewe ukilinganishwa na mambo yanayojulikana ina thamani kuliko ratili nyingi za mwonekano wa shahidi.

Kwa hiyo mahakama ya rufani inapojinyima kupima kwa sababu eti haikumwona shahidi, inajinyima kitu chenye thamani ndogo na kusahau kwamba kile chenye thamani kubwa kimo mikononi mwake, kwenye karatasi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa mwongozo mwaka 1972 ambao bado unatawala Kenya, Uganda na Tanzania. Mrufani katika rufani ya kwanza ana haki ya kutarajia ushahidi wote uchambuliwe upya na kwa ukamilifu, na mahakama ya rufani ya kwanza lazima ifikie hitimisho lake yenyewe, huku ikizingatia kwamba haikuwaona mashahidi. Kuzingatia ni jambo moja, kunyoosha mikono juu ni jambo jingine. Kesi nyingi za ubakaji Tanzania huanzia mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Rufani ya pili ni ya hoja za kisheria, na majaji wake hawagusi matokeo ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana, isipokuwa pakiwa na upotoshaji wa wazi wa ushahidi au kukosekana kwa haki. Maana yake ni kwamba Mahakama Kuu ndiyo kituo cha mwisho cha kupima ukweli. Jaji wa Mahakama Kuu akiandika kurasa 3 zinazosema "sioni sababu ya kutofautiana na hakimu", hakuna mwingine atakayefanya kazi hiyo baada yake.

Ni vizuri pia kujua kile anachokisoma. Katika mahakama nyingi za chini hakimu huandika ushahidi kwa mkono wakati shahidi anazungumza. Swali na jibu haviandikwi vyote. Vinaunganishwa na kuwa masimulizi. Shahidi aliulizwa, "Alikugusa wapi? Hapa au hapa?" akanyoosha kidole. Kwenye rekodi inasomeka, "Alinigusa sehemu za siri." Ile kwamba swali lilimwongoza imepotea, na ile kwamba kidole kilinyooshwa bila kusita imepotea pia. Hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake mtoto alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na majaji wa rufani wakajadili tofauti ya maneno ambayo mtoto hakuyatamka. Kenya, mtoto atasema mtu fulani "alinifanyia tabia mbaya", na Mahakama ya Rufani ya huko imekubali kwamba ndivyo watoto wanavyolitaja tendo lenyewe. Imefanya vyema. Ingekuwa ukatili kumtaka mtoto aongee kama daktari ili aaminiwe. Lakini kukubali hivyo kunampa hakimu wajibu wa kuandika mtoto alieleza nini kingine kilichomfanya aelewe tabia mbaya hiyo ni ipi.

Nitoe mfano wa kubuni wa kile ninachokitaka, maana wapo wanaodai ni kazi kubwa mno kwa mahakimu wenye mrundikano wa kesi. Hakimu angeweza kuandika hivi: "Ninamwamini shahidi wa kwanza. Alisema mshtakiwa alimziba mdomo kwa kiganja, na daktari aliyempima kesho yake aliona mchubuko ndani ya mdomo wa chini, jambo ambalo shahidi hakuwa amelitaja polisi kama ushahidi wa chochote. Yeye na mama yake wametofautiana kuhusu saa. Tofauti hiyo nimeiona, na ninaichukulia kuwa ndogo kwa kuwa wote wawili walikuwa wakikadiria. Alikaa siku 6 bila kusema. Alipoulizwa, alisema mshtakiwa ndiye anayemlipia ada, na mama yake amethibitisha hilo. Mshtakiwa anasema kesi imetungwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Nimeupima utetezi huo. Ugomvi ulikuwepo, lakini ulihusu baba mdogo wa shahidi ambaye hawaishi pamoja, na kaka yake mshtakiwa mwenyewe amesema ulikwisha mwaka mmoja kabla." Ni aya moja. Jaji wa rufani anaweza kuishika kila sentensi, akaenda kwenye mwenendo wa kesi, akaiona kweli imo au haimo. Mshtakiwa anaweza kuipinga. Mwathirika anaweza kuisoma na kuona amesikilizwa. Linganisha na "nimemwamini".

Zile siku 6 ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi ninaposoma rufani hizi. Tanzania kuna kanuni inayotokana na uamuzi ulioripotiwa mwaka 2002, kwamba shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni uhakikisho muhimu wa kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize. Kwa shahidi wa uvamizi wa usiku kanuni hii ina mantiki yote. Kama ulimtambua jambazi, kwa nini hukumtaja kwa majirani waliofika dakika ileile? Kwa mtoto anayebakwa na mtu wa ndani ya nyumba, ukimya ni sehemu ya kosa lenyewe. Anayembaka ndiye anayemlisha, ndiye aliyemtishia, na mara nyingine ndiye ambaye mama anamtegemea. Kanuni yenyewe ina mlango, maana inasema kuchelewa "bila maelezo". Makosa hutokea pale mahakama inapohesabu siku bila kutafuta maelezo yaliyomo ndani ya jalada, au pale mwendesha mashtaka anapomwondoa shahidi kizimbani bila kumwuliza swali jepesi: "Kwa nini hukusema siku ile?"

Wenzetu wamelikata hili kwa uwazi zaidi. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema mwaka 2000 kwamba hakuna kanuni isiyovunjika kuhusu jinsi watu waliopatwa na kiwewe cha aina hii watakavyotenda, na kwamba kuchelewa peke yake hakumfanyi mlalamikaji asiaminike. Afrika Kusini iliiweka kwenye sheria ya mwaka 2007, mahakama isitoe hitimisho lolote kwa kuangalia tu urefu wa muda uliopita kabla ya kutoa taarifa. Ningependa kuona Mahakama ya Rufani yetu ikitenganisha waziwazi kanuni ya utambuzi wa usiku na kesi za ubakaji wa nyumbani, badala ya kuacha kila jopo liamue kivyake.

Kuhusu kujikanganya kwa mashahidi sina mengi, kwa kuwa kanuni zilizopo zinatosha zikifuatwa. Mahakama inatakiwa kuutaja mkanganyiko, ijaribu kuutatua, na kama haiwezekani, iamue kama ni mdogo au unagusa kiini cha kesi. Ninachokataa ni ile tabia ya kuandika "mikanganyiko iliyopo ni midogo" bila kuitaja hata mmoja.

Fikra potofu nazo zinasafiri hadi rufani. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India ilitengua hukumu iliyowaachia washtakiwa baada ya hakimu wa chini kumwita binti aliyelalamika mtu wa tabia chafu. Ilimkemea kwa maneno makali, ikasema mahakama isisite kutegemea ushahidi wa mwathirika peke yake pale unapojenga imani. Hiyo ni fikra potofu ya aina inayojulikana. Ila kuna hatari nyingine ambayo haijadiliwi sana, ya mahakama za rufani kuchukua vita dhidi ya fikra potofu na kuigeuza silaha ya kutengua hatia. Ilitokea Kanada. Mahakama ya rufani ya jimbo la British Columbia ilitengua hatia katika kesi mbili kwa hoja kwamba mahakimu waliowaamini walalamikaji walitumia dhana za kawaida za maisha zisizo na ushahidi, kwa mfano kwamba si rahisi mwanamke akosee kuhusu hisia za mwili wake kuingiliwa. Machi 2024 Mahakama ya Juu ilizirudisha hatia zote mbili. Ilisema kutumia uzoefu wa kawaida wa maisha katika kumpima shahidi ni sehemu ya kazi ya hakimu, na kwamba fikra potofu dhidi ya walalamikaji zilipigwa marufuku kwa sababu zilikuwa na historia ya ubaguzi, historia ambayo dhana nyingine hazina. Nakubaliana nayo. Hakimu asiyeruhusiwa kutumia akili ya kawaida hataweza kumwamini wala kumkataa mtu yeyote.

Yote haya yanamhusu pia mshtakiwa, na sitaki aonekane amesahauliwa. Shahidi mkweli anaweza kukosea. North Carolina, Marekani, mwanamume mmoja alitiwa hatiani mwaka 1985 kwa neno la mwanamke aliyemtambua, aliyekuwa na uhakika kabisa, na aliyekuwa amebakwa kweli. Vipimo vya vinasaba vilionyesha mwaka 1995 kwamba mbakaji alikuwa mtu mwingine. Mwanamke yule hakudanganya. Ndiyo maana ukweli wa nafsi ya shahidi na usahihi wa anachokumbuka vipimwe kila kimoja kwa nafasi yake, na hakimu anayeandika "alikuwa na uhakika" aeleze pia alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa mwanga upi, na kama walikuwa wakifahamiana.

Hapo ndipo kesi ya Kadinali George Pell wa Australia ina la kutufundisha, hata kwa wasiopenda matokeo yake. Jopo la raia lilimtia hatiani Desemba 2018 kwa makosa 5 ya kujamiiana dhidi ya watoto yaliyotegemea neno la mlalamikaji mmoja. Mahakama ya rufani ya jimbo la Victoria ilikataa rufani yake Agosti 2019 kwa majaji 2 dhidi ya 1, baada ya majaji hao kutazama pia mkanda wa video wa ushahidi wa mlalamikaji. Aprili 2020 majaji wote 7 wa Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo mahakama ya mwisho, walimwachia. Hawakusema mlalamikaji alidanganya. Walisema mahakama ya rufani ichukulie kwamba jopo lilimwona mlalamikaji kuwa mkweli na wa kuaminika, kisha ijiulize kama, pamoja na hayo, ushahidi mwingine uliacha shaka ya msingi ambayo mtu mwenye busara asingeweza kuiruka. Walikuwepo mashahidi waliosimulia desturi za kanisa kuu lile baada ya misa, waliomweka mshtakiwa mahali pengine na akiwa na watu, na upande wa mashtaka haukuweza kuuondoa ushahidi wao. Wengi waliumia na uamuzi ule, na maumivu yao nayaheshimu. Lakini swali lililoulizwa ni sahihi. Kumwamini mwathirika na kuridhika pasipo shaka ya msingi ni hatua mbili, na hukumu zetu nyingi zinaziandika kana kwamba ni moja.

Warufani wengi wa kesi hizi Tanzania hujisimamia wenyewe. Sababu zao za rufani zimeandikiwa gerezani, nyingine na mfungwa mwenzao anayejua kuandika. Hawajui kulalamika kwamba hakimu hakutoa sababu chini ya kifungu cha 127. Wanalalamikia fomu ya polisi ya PF3, ambamo daktari huandika alichokiona alipompima mwathirika, na ambayo mara nyingi inaondolewa kwenye rekodi kwa kuwa mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kumwita daktari. Inapoondolewa, neno la mwathirika linabaki peke yake, na mahakama ya rufani inasema linatosha. Linaweza kutosha, kweli. Lakini lile aliloliamini hakimu lilikuwa neno likiwa na fomu ya daktari kando yake. Jaji anayeiondoa fomu lazima ajiulize upya kama lile lililobaki lingeaminiwa vilevile, na aandike jibu.

Upande wa pili, mwathirika si mhusika katika rufani. Ni Jamhuri na mrufani. Hatia ikitenguliwa kwa sababu rekodi haikuonyesha kwamba mtoto aliahidi kusema kweli kabla ya kutoa ushahidi, au kwa sababu hukumu haina uchambuzi, anaweza hata asijulishwe. Wakati mwingine kesi huamriwa isikilizwe upya, na hapo tangu 1966 kuna kanuni kwamba usikilizwaji upya usitumike kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Kanuni nzuri. Matokeo yake kwa mtoto aliyetoa ushahidi akiwa na miaka 9 ni kwamba ama aitwe tena akiwa na miaka 14 kusimulia alichojitahidi kukisahau, ama asiitwe na mtu aliyemtaja arudi mtaani. Ndiyo maana hakimu akikosa kuandika sababu, Mahakama Kuu isikimbilie kutengua. Sheria inaipa mamlaka ya kuupitia ushahidi wote yenyewe. Iupitie, iziandike sababu ambazo hakimu alishindwa kuziandika, na kama haizioni, imwachie mrufani na iseme waziwazi ilichokikosa.

Teknolojia haitatuokoa na kazi hii. Mahakama zikianza kurekodi sauti na picha za mashahidi, jaji wa rufani atapata kile alichokuwa akisema hana, uso wa shahidi. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuutazama na kuamua kwa hisia, sawa na hakimu wa chini. Kesi ya Pell ilionyesha kwamba hata majaji wazoefu walioangalia video ileile hawakufikia mahali pamoja. Rekodi hiyo itumike kujua swali liliulizwaje na jibu lilikuwa lipi, mtoto aliongozwa au aliachwa aseme. Uamuzi uendelee kutoka kwenye kile kilichosemwa na jinsi kinavyokaa na mengine yote yaliyothibitishwa, na uandikwe hivyo, ukurasa kwa ukurasa.